Namna ya kutafuta maumbo ya RNA kwa kompyuta, na namna ya kutoyaamini upesi

Mahindi yanayokauka majani kuanzia kingoni kuelekea katikati, yakaishia kubeba magunzi yenye punje za kuhesabika, si habari ngeni kwa wakulima wa Arusha na Kilimanjaro. Ugonjwa huo, uitwao kwa Kiingereza maize lethal necrosis, uliripotiwa Kenya mwaka 2011 na haukuchelewa kuvuka mpaka. Huletwa na virusi viwili vinavyokutana ndani ya mmea mmoja: kimoja ni cha kundi la potivirusi, mara nyingi kile cha batobato ya muwa, na kingine hujulikana kwa kifupi chake, MCMV (maize chlorotic mottle virus). Hicho cha pili hakina DNA kabisa. Jenomu yake ni uzi mmoja wa RNA wenye nyukleotaidi kama 4,400, na uzi huo haukai umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Hujikunja na kujishika wenyewe kwa wenyewe, na baadhi ya mikunjo hiyo hufanya kazi ambayo herufi peke yake zisingeweza kuifanya. Nitautumia kama mfano kwa sababu unatuhusu, na kwa sababu ni mfupi kiasi cha kuchambuliwa kwenye kompyuta mpakato ya kawaida kabla umeme haujakatika.

Ninamwandikia mwanafunzi wa Tengeru au wa Moshi ambaye amekwisha kusoma baiolojia ya molekuli, anaweza kuandika amri chache katika Linux, lakini hajawahi kukunja RNA. Atakachohitaji ni vifurushi viwili vya programu vinavyopatikana bure, ViennaRNA na Infernal, pamoja na programu moja ndogo iitwayo R-scape. Atahitaji pia kukumbuka kwamba programu ya kukunja RNA haikosi jibu. Uipe mfuatano uliouandika kwa kupapasa kibodi ovyo, nayo itakurudishia mchoro wa kupendeza wenye mashina na vitanzi. Kupata umbo ni kazi ya sekunde chache. Kinachokula wiki ni kujua lipi linastahili kuaminiwa.

Msamiati wa mikunjo

RNA ina besi nne: A, U, G na C. G hushikana na C, A hushikana na U, na pia G huweza kushikana na U kwa mshiko ulio legevu zaidi. Jozi zinapofuatana mfululizo hufanya shina, na sehemu isiyo na jozi iliyo kwenye kilele cha shina ni kitanzi, ambacho kwa sababu za kimaumbile hakiwezi kuwa na besi chini ya tatu. Shina likiwa na besi zisizo na mwenza upande mmoja tu, tunasema lina kinundu. Zikiwapo pande zote mbili, hapo pana kitanzi cha ndani. Mashina matatu au zaidi yanapokutana tunapata njiapanda, na mfano wake maarufu ni tRNA, molekuli yenye nyukleotaidi kama 76 ambayo mashina yake manne huchorwa kwa umbo la jani la klova.

Maumbo haya huandikwa kwa nukta na mabano chini ya mfuatano: bano la kufungua na la kufunga ni besi mbili zilizoshikana, na nukta ni besi isiyo na mwenza. Jizoeze kuyasoma hadi uone shina bila kuchora. Umbo moja tu hukataa kuandikwa hivyo, nalo ni fundo bandia, ambapo kitanzi cha shina moja hushikana na sehemu iliyo nje ya shina hilo na mabano yakapishana. Nitaligusa tena mbele.

Andaa mfuatano kabla ya kuukunja

Makosa mengi niliyowahi kuyarekebisha katika kazi za wanafunzi yalizaliwa hapa, wala si katika hesabu. Hifadhi za mifuatano huandika T mahali pa U hata kwa virusi vya RNA. Programu nyingi huibadilisha zenyewe, lakini maandishi madogo unayojiandikia ya kuhesabu jozi hayatafanya hivyo. Hakikisha mfuatano unasomeka kutoka ncha ya 5' kwenda ncha ya 3' na kwamba una uzi wenyewe, wala hukuchukua kijalizo chake, yaani uzi unaoshikana nao. Kosa hili halijitokezi wazi, kwa kuwa kijalizo cha shina la G na C nacho ni shina la G na C. Ni jozi za G na U zinazokusaliti, kwani zikigeuzwa huwa C na A, ambazo hazishikani. Ukiona mashina yako yanakatika katikati bila sababu, anza kushuku mwelekeo. Mwisho, tafuta herufi N na nyingine zisizo miongoni mwa zile nne, uamue utazifanyaje kabla programu haijakuamulia.

Hesabu kwa mkono kwanza

Chukua karatasi uandike mfuatano huu wa besi kumi:

GGGAAAUCCC

Mwaka 1978 Ruth Nussinov na wenzake walichapisha njia ya kupata umbo lenye jozi nyingi kuliko yote. Badala ya kujaribu kila umbo, kazi ambayo isingekwisha, njia hii hujaza jedwali: kwanza hupata jibu bora la kila kipande kifupi, kisha hutumia majibu hayo kujibu vipande virefu zaidi, hadi kona ya mwisho ya jedwali itakapokuwa na jibu la mfuatano mzima. Kwa kila kipande kuna maswali machache tu. Je, besi ya mwisho imebaki bila mwenza? Kama ina mwenza, ni yupi, na ni jozi ngapi zinapatikana ndani yao na kando yao?

Ukifuata utaratibu huo kwa mfuatano wetu utapata kwamba jozi haziwezi kuzidi tatu, yaani kila G na mwenza wake. Lakini endelea kutazama. G ya tatu inaweza kushika C ya nafasi ya 8, au U ya nafasi ya 7, ambayo bado inaacha kitanzi cha besi tatu. Ukizipanga njia zote bila kukatisha mabano, utaona kwamba yapo maumbo manne tofauti yenye jozi tatu tatu. Haya ni mawili kati yake:

(((....)))
(((...))).

Kwa mwenye kuhesabu jozi, haya ni sawa. Kwa molekuli yenyewe si sawa hata kidogo, kwa sababu kinacholishikilia shina kwa sehemu kubwa ni jinsi jozi zinavyolaliana, kama sahani zilizopangwa kabatini. Jozi mbili za G na C zikilaliana kama katika umbo la kwanza hutoa takriban kilokalori 3.3 kwa moli. Jozi ya G na C ikilaliwa na ya G na U kama katika umbo la pili hutoa chini ya nusu ya hiyo. Vitanzi, kwa upande wake, hugharimu. Michael Zuker na Patrick Stiegler walijenga hesabu hii ya nishati ndani ya jedwali la aina ileile mwaka 1981, na vipimo vya maabara vilivyokusanywa na kundi la Douglas Turner ndivyo vinavyotumika hadi leo katika programu nyingi.

Umbali huu wote tumeupita kwa karatasi kwa sababu mtu aliyejaza jedwali moja kwa mkono haduwazwi tena na mchoro wa rangi. Ataelewa pia kwa nini mfuatano ukirefuka mara mbili muda wa kazi huongezeka mara nane, ilhali kumbukumbu huongezeka mara nne.

Sasa ipe kompyuta kazi

Amri ya msingi ya ViennaRNA ni hii:

RNAfold -p -T 25 < kipande.fa

Watu wengi huiacha sehemu ya -T, na hapo programu huchukua nyuzi joto 37, joto la mwili wa binadamu. Jani la mhindi katika mteremko wa Meru halina homa. Kwa kirusi cha mmea weka 25 au karibu na hapo, na kwa bakteria wa mgonjwa acha 37. Lililo muhimu ni kuliandika joto hilo katika daftari lako, kwa sababu shina dhaifu huonekana kwenye joto moja na kutoweka kwenye jingine.

Mstari wa kwanza wa mabano utakaoupata ni umbo lenye nishati ya chini kuliko yote. Usiishie hapo. Sehemu ya -p huita hesabu iliyoanzishwa na John McCaskill mwaka 1990, ambayo haitafuti umbo moja bali hupima maumbo yote yanayowezekana kwa pamoja na kukupa uwezekano wa kila jozi. Ili uone kwa nini hili lina uzito, kumbuka kwamba kwenye nyuzi joto 37 tofauti ya kilokalori 1.4 tu kwa moli hufanya umbo moja liwe na uwezekano mara kumi ya jingine, na kwamba vipimo vya nishati tunavyovitumia vinaweza kukosea kwa zaidi ya kiasi hicho vikijumlishwa katika mfuatano mrefu. Programu hata inakuambia umbo bora lina sehemu gani ya muda wote wa molekuli. Ukikunja besi elfu kadhaa utakuta sehemu hiyo ni ndogo ajabu, desimali yenye sifuri nyingi. Kwa hiyo soma jozi moja moja: zilizo juu ya 0.9 ziwekee alama, zilizo chini ya 0.5 zichukulie kama tetesi za sokoni.

Kwa jenomu nzima ya MCMV usiikunje yote kwa mkupuo mmoja na kuiamini. Tathmini iliyochapishwa na David Mathews na wenzake mwaka 1999 ilionyesha kwamba, kwa vipande visivyofika besi 700, njia ya nishati ilipata kwa wastani asilimia 73 ya jozi zinazojulikana; mfuatano ukirefuka, mambo huharibika. Tumia RNALfold, ambayo hutafuta mashina ya karibu tu:

RNALfold -L 150 -T 25 < mcmv.fa

Hapa unalipa gharama nyingine. Katika jamii ya Tombusviridae, ambayo MCMV ni mmoja wao, umbo lililo karibu na ncha ya 3' huvuta mitambo ya kutengeneza protini bila kuhitaji ile kofia ya kawaida ya RNA, na mara nyingi kitanzi chake hushikana na kitanzi kingine kilicho karibu na ncha ya 5', maelfu ya besi mbali. Dirisha la besi 150 litakuonyesha kila kitanzi kwa nafasi yake, lakini halitakuonyesha kwamba vinashikana. Mshikano huo utautafuta kwa jicho, kwa kulinganisha herufi za vitanzi viwili.

Changanya herufi uone kama umbo linabaki

Nilipoanza kazi hii nilipata shina refu lenye nishati ya kutisha, nikalala nikiwa tayari nimekwisha kuandika kichwa cha makala. Asubuhi mwenzangu aliniuliza swali moja: ukichanganya herufi hizohizo, unapata nini? Nilichanganya. Zaidi ya robo ya mifuatano iliyochanganywa ilipata nishati nzuri kuliko yangu. Kipande changu kilikuwa na G na C nyingi, basi.

Elena Rivas na Sean Eddy walikwisha kulisema hili mwaka 2000: mkunjo wa jozi peke yake, ukipimwa kwa nishati, kwa kawaida hautoshi kutofautisha RNA yenye kazi na mfuatano wa kubahatisha. Fanya jaribio hili kabla ya kumwonyesha mtu yeyote mchoro wako:

esl-shuffle -d -N 1000 kipande.fa > changanywa.fa
RNAfold --noPS -T 25 < changanywa.fa > changanywa.txt

Sehemu ya -d ndiyo yenye siri. Kwa kuwa nishati hutokana na kulaliana kwa jozi zilizo jirani, ukichanganya herufi moja moja unaharibu pia idadi ya majirani AA, GC na kadhalika, na mlinganisho wako unakuwa wa uongo. Sehemu ya -d huhifadhi idadi hiyo. Hesabu ni mifuatano mingapi kati ya elfu imepata nishati sawa na yako au ya chini zaidi. Kama ni 200, rudisha shina lako lilikotoka. Kama ni 3, bado kumbuka umejaribu madirisha mangapi katika jenomu, kwa sababu ukijaribu madirisha elfu moja, mengine yatashinda kwa bahati tu.

Waulize ndugu wa molekuli

Ushahidi ulio na nguvu kuliko nishati hutoka kwa ndugu. Umbo likiwa na kazi, mageuzi hulilinda umbo hata yanapobadilisha herufi. G na C katika aina moja ya kirusi zinakuwa A na U katika aina nyingine, zote mbili zikibadilika kwa pamoja ili mshiko usivunjike. Mabadiliko kama hayo yakionekana katika jozi nne au tano za shina moja, ni vigumu kuyaeleza kwa njia nyingine. G na C kuwa G na U ni ushahidi hafifu zaidi, kwani upande mmoja tu ndio uliobadilika. Na shina ambalo halijabadilika herufi hata moja katika ndugu wote halikuambii chochote kuhusu umbo. Huenda herufi hizo zimehifadhiwa kwa sababu zinaandika protini.

Kusanya mifuatano ya ndugu walio mbali kiasi. Walio karibu mno hawana tofauti za kukufundisha, na walio mbali mno hawapangiliki. Ipangilie sambamba, iweke katika mfumo wa Stockholm ambao una mstari wa SS_cons kwa ajili ya umbo la pamoja, kisha:

RNAalifold -T 25 < ndugu.sto
R-scape -s ndugu.sto

RNAalifold hukupa umbo linalofaa ndugu wote, na umbo hilo ndilo utakaloliandika katika mstari wa SS_cons kabla ya kwenda mbele. R-scape, iliyotoka mwaka 2017, huuliza swali gumu zaidi: je, kubadilika kwa pamoja kunazidi kule ambako undugu wenyewe ungekuleta hata bila shina lolote? Kwa kawaida hukubali jozi zenye thamani ya E, yaani idadi ya matokeo ya namna hiyo yanayotarajiwa kwa bahati tu, isiyozidi 0.05. Inaposema hakuna hata jozi moja, tazama kwanza kama ndugu zako wana tofauti za kutosha, maana kukosa ushahidi kwa sababu ya uchache wa tofauti si sawa na kukanushwa. Programu yenyewe hukadiria uwezo huo, na safu hiyo hurukwa na wengi.

Kutafuta umbo lilelile kwingineko

Ukiwa na familia iliyothibitika, unaweza kuitafuta katika jenomu nyingine. Utafutaji wa kawaida wa herufi hautafaa, kwa kuwa herufi ndizo zilizobadilika. Infernal hujenga kielelezo kinachobeba herufi na jozi kwa pamoja, wazo ambalo Sean Eddy na Richard Durbin walilichapisha mwaka 1994:

cmbuild familia.cm ndugu.sto
cmcalibrate --forecast familia.cm
cmcalibrate familia.cm
cmsearch familia.cm jenomu.fa

Mstari wa pili haufanyi usawazishaji wenyewe. Unakukadiria tu kazi itachukua muda gani. Usiuruke. Usawazishaji ndio sehemu nzito kuliko zote, na mwenye betri ya saa mbili anahitaji kujua kama ameombwa saa tatu. Katika matokeo, Infernal huhesabu kuwa ya kuaminika yale yenye thamani ya E isiyozidi 0.01. Kabla ya kutangaza ugunduzi, linganisha mfuatano wako na Rfam, hazina ya familia za RNA ambayo makala yake ya kwanza ilitoka mwaka 2003, kwa amri ya cmscan. Huenda familia yako ina jina tayari.

Mabano yanapoishia

Ndani ya vitanzi mna mpangilio mwingine ambao nukta haziuonyeshi. Kitanzi cha besi nne chenye muundo wa G, kisha yoyote, kisha A au G, kisha A, hurudi tena na tena katika ribosomu. Vivyo hivyo lile pindo kali la shina lililoelezwa mwaka 2001 kutoka katika ribosomu ya Haloarcula marismortui. Besi hizi hushikana kwa kingo zisizo za kawaida, na Neocles Leontis na Eric Westhof walizipanga mwaka huohuo wa 2001 katika familia 12 za jozi. Kwa kuzitafuta unahitaji molekuli ambayo umbo lake la pande tatu limekwisha kupimwa, pamoja na programu kama FR3D inayolinganisha nafasi za besi. Kwa mfuatano mtupu, kinachowezekana ni kutambua herufi zinazofanana na mpangilio huo na kuuweka kama dhana.

Fundo bandia nalo RNAfold hailioni kabisa. Kulitafuta kwa ujumla wake ni kazi isiyo na njia ya mkato inayojulikana. Zipo programu zinazotafuta aina chache tu, kwa gharama ya muda. Ushauri wangu ni kutazama jozi ambazo R-scape imezikubali lakini haziingii katika mabano yako. Mara nyingi fundo huwa limejificha hapo.

Shina lililopita majaribio haya yote ndilo la kulipeleka maabara, na jaribio lake ni la zamani na la haki. Badilisha besi mbili au tatu za upande mmoja wa shina ili jozi zivunjike, upime kama utengenezaji wa protini unashuka. Kisha, katika nakala nyingine, badilisha pia upande wa pili ili jozi zirudi kwa herufi mpya. Kazi ikirudi pamoja na jozi, umbo ndilo lililokuwa linaifanya. Isiporudi, zilikuwa ni herufi, na utarudi kwenye faili la ndugu kuona ni wapi ulilisoma vibaya.